Taa ya Kulandana

Siku zile, wanandoa ambao usemi wao haukulandana walitenganishwa. Taa ya ukutani iliwasikiliza, na kadiri walivyosema kwa namna moja ndivyo ilivyozidi kung'aa. Mzee Msabila, Mnyamwezi, na mkewe Mwanamvua, Mzaramo, wakauacha utani wao wasije wakatenganishwa.

Jioni moja taa iliwaka kama mwezi mpevu. Walikuwa wamepona. Kwa furaha mzee akamchokoza mkewe kama zamani: "Mtani, wali huu umeupika au umeuadhibu?"

Akasubiri jibu lake tamu la miaka yote: "Kula, mpagazi wee, mzigo unakungoja."

Mwanamvua alitabasamu kwa upole. "Wali ni mzuri, mume wangu."

"Ni mzuri, mke wangu," Msabila akajisikia akisema, kwa sauti ileile, na nuru ikajaa chumbani hata asiuone uso wa mkewe.