Mgonjwa wa Kitanda cha Tatu

Miaka sita mwigizaji huyu alikuwa daktari wa tamthilia, na hakuwahi kusikia moyo wa mtu hata siku moja. Kifaa chake cha kusikilizia mapigo kilikuwa kimezibwa kwa pamba, ili kelele za kifuani zisimsahaulishe maneno yake.

Leo pamba ilikuwa imechomoka.

Kitandani alilala bibi mmoja aliyeletwa kuigiza mgonjwa wa moyo. Mwigizaji akamwekea kifaa kifuani, kushoto, kama kawaida yake. Kimya. Akakisogeza kidogo. Pumzi tu, na bibi mwenyewe anamkodolea macho.

Akahamia kulia. Huko moyo ulikuwa ukidunda wazi, bila haraka, kama mtu anayetwanga mahindi nyumba ya pili. Akakiacha hapohapo.

"Wewe!" akafoka muuguzi anayewasahihisha waigizaji. "Moyo uko kushoto! Unataka watu watucheke?"

"Dada, njoo usikilize mwenyewe."

Muuguzi akaja amenuna. Akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akarudia. Alipovua kifaa, sauti ilikuwa imemshuka.

"Miaka ishirini wodini, hili nimelisoma vitabuni tu. Bibi, moyo wako uko kulia. Umezaliwa nao hivyo."

Bibi aliinua mikono polepole, akaikunja kama aliyepakata kichanga, kichwa cha mtoto kikiwa upande wa kulia.

"Watoto saba," akasema. "Nilikuwa nikiwalaza kushoto, wanalia; nikiwahamishia kulia, wananyamaza. Mama mkwe alikufa akisema sijui kupakata."