Droni Mbili Katika Shamba la Alizeti

"Washa mtambo, wala usiihurumie droni yoyote," Solomiya, mkaguzi wa Wakala wa Ununuzi wa Ulinzi, alimwamuru sajini.

Droni ya kwanza, iliyokuwa na bei ya chini kabisa katika zabuni, ilizidiwa na mtambo huo wa kuvuruga mawimbi ya redio na simu, ikayumba, kisha ikajitupa katika mashina ya alizeti.

"Bosi, yako imekwenda kuvuna!" sajini alimtania muuzaji wa droni hiyo.

Ya pili ilikuwa ghali. Iliruka juu ya shamba hilo la Poltava ikiacha nyuma yake uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, uliopeleka amri na kurudisha picha bila kutegemea mawimbi. Uzi ukanasa kwenye shina. Ukakaza, ukatetemeka, ukameta juani. Solomiya alizuia pumzi: kikosi cha sajini kingepigana majira yote ya baridi kwa droni atakayoichagua yeye leo.

Uzi ukajinasua. Kwenye skrini trekta bovu la shabaha likakua, hata kutu yake ikaonekana, kisha kishindo kikatikisa ardhi.

"Imefika, mama! Imefika!" Sajini alirusha kofia yake juu.

"Sheria inataka bei ya chini!" muuzaji wa kwanza alifoka, akichomoa simu.

"Inataka kwanza droni ifike," Solomiya alimjibu.

"Nampigia naibu waziri. Zabuni hii itafutwa kabla hujatia sahihi!"

Aliibonyeza simu, akaiinua juu, akazunguka nayo. Haikuwa na mtandao hata chembe.

Sajini akanyoosha mkono auzime mtambo.

"Uache kwanza," Solomiya alisema, akifungua kalamu.