Basi la Bondeni

Salha alitandaza ramani mezani: treni mpaka mwisho wa reli, kisha siku tatu za kutembea vijijini na rafiki zake. Mdogo wake Kibibi, aliyepooza mguu mmoja, aliinama naye.

“Dada, hapa bondeni basi halipiti? Ningelipanda, tukakutana jioni mtakapolala.”

“Halipiti.” Kidole cha Salha kilikuwa kimekifunika kituo cha basi.

“Haya, nendeni salama. Utanihadithia ukirudi.”

Kibibi alichukua mkongojo wake, akaelekea jikoni. Salha alisubiri ule mlio mkavu wa kila siku sakafuni, asiusikie. Akageuka. Ncha ya mkongojo ilikuwa imevishwa kipande kipya cha tairi, chenye meno ya kushika njia ya udongo.

Kidole chake kilikuwa bado juu ya ramani.