Sindano za Utulivu

Sheria ilitaka kila mwanamke aliyepandikizwa mimba avae sindano saba za utulivu, nyembamba kama unywele, nyuma ya masikio na vifundoni, mpaka ajifungue. Kokushubila, mwalimu wa Bukoba, alikuwa amehangaikia mtoto miaka tisa, hivyo alizivaa kwa furaha. Kila asubuhi mumewe, Rwegasira, alimletea uji na vidonge vya lishe.

Mimba ikiwa ya miezi mitano, Rwegasira aliingia jikoni macho mekundu.

"Koku, mama yako ametutoka."

Koku alikuwa akimenya ndizi. Alitafuta uchungu moyoni, hakuupata. "Poleni," alisema, kana kwamba mfiwa si yeye, akachukua ndizi nyingine. Msibani, dada zake walikataa kukaa naye mkeka mmoja.

Alijifungua mtoto wa kike. Muuguzi alipochomoa sindano ya mwisho, kilio cha miezi minne kilimtoka Koku kwa mkupuo. Alimwita mama yake mpaka sauti ikamkauka. Mtoto, kifuani pake, alimwangalia tu.

"Mbona yeye hajalia tangu azaliwe?" Koku aliuliza.

"Ana afya njema, mama. Siku hizi wote wanazaliwa hivyo."

Wiki ya tatu, mchana, Koku alipitiwa na usingizi kidogo. Alipoamka aliona msururu wa siafu ukipanda kitanda cha mtoto. Walikuwa wamemjaa shingoni na mashavuni, wanamng'ata. Mtoto alikuwa macho, ametulia, anamtazama mama yake.