Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Lukindo aliagiza chai ya maziwa, akaketi karibu na dirisha huku mikono ikinuka dizeli. Ilikuwa safari yake ya kwanza peke yake, na lori lilikuwa limemzimikia kwenye kona, akiupanda mlima. Sasa, katika mji wa upande wa pili, aliwasimulia madereva wenzake, kifua mbele, jinsi alivyoliwasha mwenyewe.

"Breki zilishika?" akauliza Mzee Mbaruku, aliyezeekea kwenye usukani.

"Sikuziamini, mzee wangu. Niliwekea gurudumu la nyuma jiwe, kubwa kama kichwa cha ng'ombe."

"Vyema. Ulipoondoka ukalitupa wapi?"

"Jiwe..." Lukindo akaanza. Alikumbuka injini iliponguruma, naye akakanyaga mafuta kwa furaha, bila kushuka. Jiwe lilikuwa bado pale kwenye kona, juu ya lami iliyolowa.

Mzee Mbaruku akakitua kikombe chake taratibu, akageukia dirishani. Wote wakageuka.

Mvua ilikuwa imeifunika barabara ya mlimani. Chai ya Lukindo ilishafanya utando, na tangu aketi hapo, hakuna gari hata moja lililoshuka.