Tofauti ya Bei

Lorna alibamiza risiti kwenye kaunta ya duka la baiskeli pale Duluth, Marekani.

"Juzi mliniuzia baiskeli kwa bei ya kuruka, mkasingizia ushuru wa bidhaa za China. Leo mmeshusha! Tangazo lenu lile ukutani linasema bei ikishuka mnarudisha tofauti. Basi nirudishieni!"

Wateja kwenye foleni nyuma yake walisogea karibu.

"Ni haki yako, mama," alisema mwenye duka, akifungua droo ya pesa kwa vidole vyenye grisi mpaka kwenye kucha. "Ila ushuru haujashuka. Ndio uliotumaliza. Tunauza kwa hasara kwa sababu Jumamosi tunafunga duka."

Uso ulimwiva Lorna kwa aibu. "Sikujua..."

"Pokea tu, mama. Wenzako wanangoja."

Lorna akatazama mkono wake. Ulikuwa umeshanyooka kupokea pesa.