Koili ya Mwisho ya Mwinjuma

Kwa kuunguza koili, zile nyaya za kusokotwa za redio, Mwinjuma alikuwa hajambo. Mbili za amplifaya yake zilishageuka mkaa, na waya uliobaki ulitosha kusuka hii moja tu. Bila amplifaya, sauti ya redio yake isingevuka milima kumfikia mwanawe Shomari, mgonjwa kwenye mnara wa taa, ambaye betri ya redio yake ingekwisha leo.

"Mezani nimeipima, haina kasoro," alijitetea.

Bi Rehani, fundi jirani, akacheka. "Shemeji, bwana harusi hapimwi kwao, hupimwa ukweni! Itie ndani ya sanduku la bati la amplifaya, funga kifuniko, ndipo upime."

Akaitia, akafunga, akapima. Katikati ya mabati yale koili ikawa mtu mwingine: sindano ya kipimo ikaanguka palepale kwenye masafa anayosikiliza Shomari. Maana yake, kwenye masafa hayohayo koili ingevuta umeme kupita kiasi na kuungua. Kuisuka upya ni kazi ya nusu siku, na ilibaki dakika moja kufika saa nne, saa ambayo Shomari angewasha redio yake.

Bi Rehani hakucheka tena. "Itahimili maneno mawili, shemeji. Matatu, ukibahatika."

Saa nne kamili Mwinjuma akabonyeza kitufe. "Shomari, mwanangu," alisema, na moshi ukaanza kutoka matunduni. Akaachia kitufe, akalaza sikio kwenye spika kungoja jibu, huku moshi ukimzunguka kichwa kama kilemba.